Otto Folin, mutu mwenye jina lake liko nyuma ya hesabu za polifenoli

Mutu mwenye ananunua juisi ya matunda ya bei kali, ao kopo la vidonge vyenye vilitengenezwa kwa matunda, anaweza kukuta ku etiketi hesabu moja: polifenoli, miligramu kadhaa. Watu wachache sana wanajiuliza ile hesabu ilitoka wapi. Mara nyingi ilitoka ndani ya maji ya njano yenye yanageuka buluu, na yale maji yanabeba jina la mwanaume mumoja wa Sweden mwenye alikufia Marekani mwaka wa 1934. Jina lake ni Otto Folin.

Folin hakuwa mutu wa matunda. Maisha yake karibu yote alipima mukojo na damu ya wagonjwa. Namna dawa yake ya kupima ilitoka hospitalini na kufika ku chupa za juisi ni historia ya miaka zaidi ya makumi tano, na ni vizuri kuijua, kwa sababu inaonyesha ni wakati gani ile hesabu ya ku etiketi inasema ukweli na ni wakati gani inazidisha.

Kwanza, neno lenyewe. Polifenoli ni jamaa kubwa ya vitu vyenye mimea inajitengenezea. Kuko maelfu ya aina zake. Ni zenyewe zinapatia zabibu nyeusi rangi yake, zinafanya chai kali ikaushe mudomo, na zinafanya ndizi mbichi ikamate ulimi. Kahawa iko nazo nyingi, kakao pia. Kwa sababu ni jamaa na haiko kitu kimoja, kuzipima ni kazi ngumu: ni sawa kupima uzito wa watu wa kijiji kizima bila kujua wako wangapi na nani amejificha kati yao akitoka kijiji kingine.

Otto Folin alizaliwa tarehe 4 mwezi wa nne mwaka wa 1867 ku Åseda, kijiji cha jimbo la Småland, kusini mwa Sweden. Baba yake alikuwa mutengenezaji wa ngozi, mama yake mukunga wa kijiji. (Wakati ule watengenezaji wa ngozi walitegemea maganda ya miti yenye tanini, na tanini ni polifenoli. Kwa hiyo mutoto huyu alikuwa karibu na polifenoli mbele hata ya kujua kusoma, lakini hakuna mutu mwenye alikuwa anaziita vile.) Jamaa haikuwa tajiri. Wasweden wengi wa miaka ile walikuwa wanahama juu ya njaa na udongo mubaya, na mwaka wa 1882, Otto akiwa na miaka 15, alipanda meli kwenda Minnesota, kwenye ndugu yake alikuwa amemutangulia.

Alifika bila kujua Kiingereza vizuri. Alifanya kazi ku mashamba, akasoma wakati alipata nafasi. Ndiyo maana alimaliza Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1892 akiwa tayari na miaka 25, umri wenye wengine walikuwa na kazi na watoto. Mwaka uleule Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango, na Folin akaingia katika wanafunzi wake wa kwanza wa kemia, chini ya mwalimu Julius Stieglitz. Kisha akarudia Ulaya kwa muda, akapita ku labo za Uppsala, Berlin na Marburg, kwenye walimu wakubwa walikuwa wanachunguza kemia ya mwili. Diploma yake ya dokta ilitoka Chicago mwaka wa 1898. Mwaka wenye ulifuata alioa Laura Grant, mwenye alimujulia palepale chuoni.

Lakini diploma haikumupatia kazi. Kemia ya mwili wa mutu ilikuwa elimu mupya Marekani, na vyuo vingi havikujua kiti gani cha kumupatia mutu kama huyu. Alifundisha mwaka mumoja tu West Virginia. Ni mwaka wa 1900 njo mulango ulifunguka, na ulifunguka mahali penye wengi hawakuwazia: McLean, hospitali ya wagonjwa wa akili ku Waverley, karibu na muji wa Boston.

Wakubwa wa McLean walikuwa na tumaini moja. Waliwaza kwamba kama kemia inaweza kusoma mukojo wa wagonjwa, labda itaonyesha sumu ao upungufu wenye unaharibu akili. Folin alitafuta kwa miaka. Hakupata ile sumu. Mutu mwingine angeandika ripoti ya uongo kidogo ili kufurahisha wakubwa, kwa sababu hesabu za wagonjwa zilikuwa zinapanda na kushuka, na ukitaka kuona kitu katika hesabu za namna ile utakiona tu. Yeye alifanya kinyume. Alisema kwanza tujue mukojo wa mutu muzima uko namna gani, tena kwa vipimo vyenye tunaweza kurudilia kesho na kupata jibu lilelile.

Hapo njo kazi yake kubwa ilianza. Vipimo vya wakati ule vilikuwa virefu na vilikula mukojo mwingi. Mufano ni kreatinini, kitu chenye misuli inatupa kila siku na figo zinatoa inje. Mwaka wa 1886, munganga Max Jaffe wa Königsberg alikuwa ameona kwamba kreatinini ikikutana na asidi pikriki inatoa rangi nyekundu-machungwa. Aliona rangi, basi. Mwaka wa 1904 Folin aligeuza ile rangi kuwa kipimo. Alichukua mashini ya kulinganisha rangi yenye fundi wa Paris, Jules Duboscq, alikuwa ameunda: vikombe viwili vya kioo, mukono wa kupandisha na kushusha, na jicho moja la kuangalilia. Kikombe kimoja kinatiwa maji yenye rangi yenye kujulikana, kingine mukojo wenye umetiwa dawa. Mupimaji anashusha na kupandisha mpaka nusu mbili zenye anaona zifanane kabisa. Kisha anasoma hesabu ku mustari. Kazi ya dakika chache.

Leo, katika hospitali za dunia nzima, na za kwetu pia, wakipima figo za mugonjwa kwa kreatinini, mara nyingi wanatumia bado ile rangi ya Jaffe, ingawa jicho la mutu limeachia mashini nafasi.

Kwa vile vipimo Folin aliandika, mwaka wa 1905, maandishi yenye yalimufanya ajulikane. Alipatia watu wazima chakula chenye proteini nyingi, kisha chakula cha wanga na mafuta ya maziwa tu, na kila siku alipima mukojo wao wote. Urea ilishuka sana wakati proteini ilipungua. Kreatinini haikutikisika: kila mutu alikuwa na kiasi chake, siku kwa siku. Ni jambo lenye wanganga wanategemea mpaka sasa.

Mwaka wa 1907 Harvard ilimuita ku chuo chake cha unganga, na kuanzia mwaka wa 1909 alikuwa profesere mukubwa wa kemia ya mwili mpaka kufa kwake. Wenye walimujua wanamueleza kama mutu mupole, wa maneno machache. Alikuwa amepasuliwa uvimbe karibu na sikio, na ule upasuaji ulimuachia uso wenye upande mumoja haukusogea tena. Pengine ni sababu moja yenye alipenda labo kuliko jukwaa.

Na labo yake ilijaa watu wenye wengine hawangepokea kwa urahisi. Mwaka wa 1912, mwenye alitia sahihi naye ku maandishi ya dawa ya buluu alikuwa mwanamuke, Willey Denis wa New Orleans, dokta wa kemia wa Chicago tangu mwaka wa 1907. Tukumbuke kwamba chuo cha unganga cha Harvard kilianza kupokea wanafunzi wanawake katika mwaka wa 1945 tu. Denis alirudia kisha New Orleans, ku Chuo Kikuu cha Tulane, akaongoza huko kitengo cha biokemia, akafa mwaka wa 1929. Watu wengi wa labo walisema kwa miaka dawa ya Folin-Denis bila kujua kwamba Denis alikuwa nani.

Dawa yenyewe ni hii. Ukichemsha tungsteni, molibdeni na asidi ya fosfori pamoja, unapata maji ya njano. Yale maji ni kama mutu mwenye njaa ya elektroni. Yakikutana na kitu chenye kinatoa elektroni kwa urahisi, na fenoli zote ziko vile, yanazichukua na yanageuka buluu. Kadiri fenoli ni nyingi, buluu inazidi. Folin na Denis walitaka kwanza kupima tirosini, kipande cha proteini chenye kiko na fenoli ndani. Lakini mwaka uleule wa 1912 waliandika pia juu ya kitu chenye watu wa Beni, Lubero na Ituri wanajua vizuri: vanila. Walionyesha namna ya kupima vanilini, fenoli yenye inaleta harufu ya vanila, katika dawa za kutia harufu ku chakula.

Hapo njo mara ya kwanza ile buluu ilitoka hospitalini na kuingia jikoni. Na tatizo lenye tutaliona kwa matunda lilikuwa tayari mulangoni. Vanilini ya kutengenezwa kiwandani ilikuwa inajulikana tangu mwaka wa 1874. Ile dawa ya buluu haiwezi kutofautisha vanilini ya ganda la vanila na ile ya kiwanda, kwa sababu ni kitu kimoja. Inajibu swali la kiasi. Swali la mahali kitu kilitoka, haijui kabisa.

Folin hakuwa mugeni wa mambo ya chakula chenye kuharibiwa. Mwaka wa 1914 alitoa kitabu kidogo, kwa watu wote na si kwa wataalamu tu, juu ya dawa zenye wafanyabiashara wanatia ku chakula ili kisioze, na namna zinatumiwa vizuri ao vibaya. Lakini roho yake ilibaki ku damu. Mwaka wa 1919, pamoja na kijana Muchina Hsien Wu, mwenye alikuwa amefika Marekani kusomea ujenzi wa meli kisha akageuka, alitoa mupango kamili wa kupima damu: kwa mililita 10 hivi za damu, munganga alipata sukari, urea, kreatinini, asidi uriki na zaidi. Mbele ya hapo ilihitaji damu nyingi kupita kiasi kwa mugonjwa mumoja. Wu alirudia Peking na kuwa mukubwa wa biokemia ya Uchina. Kijana wa India, Yellapragada SubbaRow, alikaribishwa pia katika kitengo cha Folin, na pamoja na Cyrus Fiske alitoa mwaka wa 1925 kipimo cha fosfori, tena kwa buluu ya molibdeni.

Hakuona sawasawa kila mara. James Sumner alikuja kwake akiwa na mukono mumoja, kwa sababu wa kushoto aliupoteza kijanani wakati wa kuwinda. Folin alimushauri aende kusomea sheria, akiwaza kwamba mukono mumoja hautaweza kazi ya kemia. Sumner alikataa kuondoka, akapata diploma yake mwaka wa 1914, na mwaka wa 1946 akapewa zawadi ya Nobel. Folin alikuwa amekufa tangu miaka 12.

Kuhusu vipimo, alikuwa na mushindani wa kudumu, Stanley Benedict wa Cornell. Walikuwa marafiki, lakini ku magazeti ya sayansi kila mumoja alitafuta kosa katika kipimo cha mwenzake: je, hii rangi inatoka kwa sukari peke yake, ao kuko kitu kingine ndani ya damu chenye kinaiongeza? Ubishi wao ulichosha wasomaji, ninawaza, lakini ulikuwa ubishi wa lazima. Kipimo cha rangi kinahesabu jirani pamoja na mwenye nyumba. Kazi yote ya mupimaji ni kujua majirani ni nani na kuwatoa.

Mwaka wa 1927, Folin na munganga wa Romania, Vintilă Ciocâlteu, walitengeneza upya ile dawa ya mwaka wa 1912. Ya zamani ilikuwa inaacha vumbi jeupe chini ya chupa, na vumbi linaharibu kusoma kwa rangi. Waliongeza chumvi ya litiamu, na maji yakabaki safi. Upishi wao unafuatwa mpaka leo: saa 10 za kuchemsha bila mvuke kutoka inje, kisha litiamu, kisha matone machache ya bromi, mpaka maji yawe njano safi. Walikuwa wanapima tirosini na triptofani katika proteini. Ku kichwa cha maandishi yao hamuna neno juu ya tunda.

Folin alikufa tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka wa 1934, na miaka 67. Kama angeambiwa kwamba jina lake litasomwa zaidi na watu wa juisi kuliko na watu wa figo, sijui kama angeamini.

Mwaka wa 1951 Oliver Lowry na wenzake walitumia dawa ya Folin kupima proteini, na maandishi yao yakakuwa yale yenye wanasayansi wametaja mara nyingi kuliko yote ya dunia. Lakini kwa matunda, mwaka wenye kuwa na maana ni 1965. Ku Davis, California, kwenye wanafundisha kutengeneza divai, Vernon Singleton na Joseph Rossi walilinganisha dawa mbili, ya Folin-Denis na ya Folin-Ciocalteu, juu ya divai. Walionyesha kwamba ya pili ni nzuri zaidi, wakapanga joto, wakati na kipimo, wakachagua asidi galiki kuwa jiwe la muzani. Tangu hapo, wakati labo inasema polifenoli miligramu 100, maana yake kamili ni: buluu yenye tuliona ni sawa na buluu yenye miligramu 100 za asidi galiki zingetoa. Haisemi kwamba kuko miligramu 100 za polifenoli. Ukibadilisha jiwe la muzani, ukatumia katekini mahali pa asidi galiki, hesabu itabadilika na tunda ni lilelile.

Divai iliwafaa kwa sababu haina vitamini C nyingi, na ile kavu haina sukari nyingi. Watu wa chai pia kipimo kiliwafaa: kanuni ya kimataifa ISO 14502-1 ya mwaka wa 2005, yenye inapima polifenoli katika chai, inatumia dawa hiihii. Shida ilianza wakati watu walichukua kipimo cha divai na kukimimina ndani ya kila tunda.

Kwa sababu dawa ya Folin haitafuti polifenoli. Inatafuta elektroni. Vitamini C inazitoa haraka sana, mbele hata ya polifenoli nyingi. Mililita 100 za juisi ya machungwa ziko na vitamini C karibu miligramu 50, na gramu 100 za mapera zinaweza kupita miligramu 200. Yote ile inageuka buluu na inaandikwa kama polifenoli. Sukari nayo, hasa ile ya matunda, inaongeza kidogo wakati maji yametiwa soda, na juisi iko na sukari nyingi sana kuliko polifenoli. Salfaiti, yenye inatiwa ku matunda ya kukausha ili yasiwe meusi, inaongeza pia. Na tirosini, kile kitu Folin mwenyewe alikuwa anatafuta, iko pale vilevile.

Kwa vidonge mambo yanazidi. Kampuni inaweza kutia vitamini C ya kiwandani ndani ya unga wa matunda, jambo lenye sheria inakubali, lenye linaandikwa hata ku etiketi. Lakini kama labo inapima ule unga kwa buluu bila kutoa vitamini C, hesabu ya polifenoli itapanda bila tunda hata moja kuongezwa. Munununuzi analipa franga kwa ajili ya polifenoli na anapata vitamini ya bei ndogo. Hapo hakuna mwenye alisema uongo kwa mudomo. Ni kipimo kilisema nusu.

Wenye wanapima kwa uangalifu wako na njia zao. Ya kwanza ni kupitisha juisi ndani ya kichujio kidogo chenye unga wa pekee: polifenoli zinashikwa, vitamini C na sukari zinapita na maji. Kisha wanaosha polifenoli kwa alkoli na kuzipima peke yake. Njia nyingine ni kupima juisi, kisha kutia unga wenye kunyonya polifenoli, kupima tena, na kutoa hesabu ya pili katika ya kwanza. Wengine wanapima vitamini C pembeni na kuitoa, lakini mimi ninaona hiyo njia ni ya haraka kupita kiasi, kwa sababu inaacha sukari na salfaiti mahali pake.

Njia yenye nguvu zaidi haikutoka kwa Folin. Ilitoka kwa Murusi Mikhail Tsvet, mutu wa mimea, mwenye mwaka wa 1903 ku Warsaw alieleza namna ya kumimina maji ya majani juu ya bomba lenye unga na kuona rangi zikitengana, kila moja ku kipande chake. Ni hiyo inaitwa kromatografia. Leo inafanywa na mashini za nguvu, na kila polifenoli inatoka kwa wakati wake, na jina lake, na kiasi chake. Vitamini C inatoka peke yake na haiwezi kujificha. Lakini ile mashini ni ya bei, inahitaji kuwa na kila polifenoli safi ya kulinganisha, na tanini kubwakubwa zinatoka zimechanganyika kama vumbi. Kwa hiyo labo nyingi zinabaki na buluu ya Folin, yenye inataka tu chupa, soda na mashini ndogo ya kusoma mwangaza.

Kuko pia kipimo cha katikati kwa matunda mekundu na meusi. Rangi yao, antosiani, inabadilika kufuatana na ukali wa maji. Njia ya AOAC yenye namba 2005.02 inasoma juisi mara mbili, katika maji makali ya pH 1 na katika maji ya pH 4.5, na tofauti kati ya mbili ni antosiani. Rangi nyingi za kiwandani hazibadiliki vile, kwa hiyo hazihesabiwi. Mwaka wa 2006 wachunguzi walieleza kwamba walikuta unga wa bilberi, tunda dogo jeusi la Ulaya lenye linauzishwa sana kama dawa ya macho, wenye ulitiwa amaranti, rangi nyekundu ya kiwandani. Mashini ya kusoma wekundu tu ilikuwa inasema unga ni muzuri. Kromatografia njo ilionyesha wizi.

Na mbele ya dawa yoyote, kuko namna ya kutoa polifenoli katika tunda. Nyingi ziko ku ganda na ku mbegu, kwa hiyo juisi yenye kuchujwa na tunda lenye kusagwa lote haziwezi kulinganishwa. Nyingine zimeshikamana na nyuzinyuzi za tunda na hazitoki kwa maji wala kwa alkoli. Labo mbili zinaweza kutumia dawa ileile ya mwaka wa 1927, ku tunda lilelile, na kutoa hesabu zenye ziko mbali, bila mumoja wao kukosea ku mashini. Ndiyo sababu ripoti ya kweli inaandika vitu vinne karibu na hesabu: tunda lilitolewa na nini, kipimo ni kipi, jiwe la muzani ni asidi galiki ao kingine, na vitamini C iliondolewa ao hapana. Etiketi nyingi zinaandika hesabu tu.

Katika labo zenye zinaendelea na kazi hii, dawa ya Folin inawekwa ndani ya chupa nyeusi, mbali na mwangaza. Kila asubuhi mupimaji anaangalia rangi yake kwanza. Inapaswa kuwa njano. Ikiwa na ukijani hata kidogo, maana yake imekwisha kula elektroni za vumbi ao za kitu kingine, na haifai tena mpaka ichemshwe upya na tone la bromi, sawa vile Folin na Ciocâlteu waliandika.